Nywila uliyoifuta huenda bado ipo

Wewe unayeanza kuandika programu za C zinazoshika nywila na funguo za siri, usiishie kusoma msimbo ulioandika. Soma kilichotoka kwenye kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine. Mimi nilichelewa kulielewa hili.

Nilikuwa na fanksheni fupi. Inasoma nywila kwenye bafa (sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea data kwa muda) ya baiti 128, inaihakiki, na mstari wake wa mwisho kabla ya kurudi ni memset(nywila, 0, sizeof nywila), yaani kuijaza bafa hiyo sifuri. Wenzangu waliukagua msimbo, majaribio yakapita. Baadaye programu ilianguka ikiwa kazini, nikalifungua faili ambalo mfumo huhifadhi kumbukumbu ya programu inapokufa. Nywila ilikuwamo, herufi kwa herufi.

Nikaipitia fanksheni ile kwa objdump -d, zana inayoonyesha maagizo ya mashine yaliyomo kwenye programu. Ile memset haikuwepo kabisa. Kompaila haikukosea: kanuni za C zinaidai ilinde matokeo yanayoonekana tu. Bafa ya ndani hufa fanksheni inaporudi, na kwa kuwa hakuna atakayeisoma tena, kuijaza sifuri ni kazi bure, kwa hiyo ikaondolewa. Sisi tulikuwa tukijaribu kwa -O0, yaani kompaila bila uboreshaji, ambako memset inabaki, halafu tunawapa watumiaji programu ya -O2, iliyoboreshwa iende kasi.

Tiba ya hapo ni rahisi. Tumia explicit_bzero, ambayo kompaila haiiondoi na ambayo glibc, maktaba ya C ya Linux, inayo tangu toleo la 2.25 la mwaka 2017. Kwenye Windows kuna SecureZeroMemory, na kiwango cha C23 kimeleta memset_explicit. Sikushauri utegemee memset_s: iko kwenye sehemu ya hiari ya C11 na glibc haina.

Nilibadilisha, nikajaribu tena, na nywila bado ilikuwepo! Safari hii haikuwa kwenye bafa yangu. Nilikuwa nikisoma kwa fgets, na stdio, sehemu ya maktaba ya C ya kusoma na kuandika, ina bafa yake yenyewe ambamo mstari mzima hupita kabla ya kunifikia. Nilikuwa nimesafisha nakala moja nikaiacha nyingine. Nikahamia read() moja kwa moja.

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi, maana kufuta ni mstari mmoja, lakini nakala huzaliwa bila wewe kuziona. realloc, inayobadilisha ukubwa wa kumbukumbu uliyotenga, ikihamisha data, kipande cha zamani hurudishwa kikiwa na siri yako ndani. std::string ya C++ ikikua hufanya vivyo hivyo. Hata anayetumia lugha ya Rust na zeroize, maktaba yake ya kufuta siri, anapaswa kujua kwamba kuhamisha thamani kunaweza kuacha baiti zake mahali pa zamani. Rejista, vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa, nazo explicit_bzero haizigusi, kwani inafuta anwani uliyoipa tu. Basi tenga bafa ya ukubwa kamili mara moja, ipitishe kwa kielekezi (pointer), uifunge kwa mlock isiandikwe kwenye swapu, sehemu ya diski inayosaidia kumbukumbu, na uweke RLIMIT_CORE kuwa 0 ili mfumo usihifadhi lile faili programu inapokufa.

Usidhani haya ni ya mwenye kushika kompyuta yako mkononi peke yake. Heartbleed, kosa la OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, lililotangazwa mwaka 2014, ilimruhusu mtu wa mbali kusoma hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa ombi moja. Chochote kilichosahaulika humo kiliweza kuvuja.

Jaribio ninalolifanya sasa kila ninapobadilisha toleo la kompaila ni hili. Najenga kwa -O2, naingiza nywila ndefu ya ajabu isiyoandikwa popote kwenye msimbo, nasubiri programu iseme imemaliza kuifuta, kisha nachukua picha ya kumbukumbu yake kwa gcore na kuitafuta humo kwa grep -a. Tafuta mkia wa nywila, usitafute mwanzo wake: glibc ikipokea kipande kilichoachiliwa kwa free huandika mambo yake kwenye baiti za kwanza, kwa hiyo mwanzo unaweza kuwa umeharibika huku herufi nyingine zote zikiwa salama salimini.