Jibu: Mfumo wa kusimamia transfoma na laini, uanzie wapi?

Mkuu, umeuliza kama kitengo chenu cha usambazaji kinunue kwanza programu kubwa ya kusimamia mali halafu taarifa zijazwe polepole. Nimefanya kazi za laini na baadaye za mipango huku Tanga kwa miaka mingi, na ninavyoona mimi, anzeni kwa kujua mita ipi inakula kwenye transfoma ipi. Hilo likikaa sawa, hata programu ya kawaida itawafaa. Lisipokaa sawa, mtalipia leseni kila mwaka na transfoma zitaendelea kuungua.

Transfoma ya kVA 100 kwa volti 400 hubeba kama ampea 144 kila fezi, yaani kila waya kati ya zile tatu zinazobeba umeme. Inafungwa mtaani nyumba zikiwa chache. Watu wanajenga, na kila mteja mpya anaungwa kwenye nguzo ya karibu, kwenye fezi ambayo fundi ameifikia kirahisi. Fomu ofisini inasema mteja ameunganishwa, haisemi fezi wala transfoma. Matokeo yake fezi moja inazidiwa huku mbili zina nafasi tele. Joto linapanda na karatasi inayozungushwa kwenye koili za ndani kuzuia umeme inachakaa: kwa hesabu inayotumika sana, kila nyuzi joto 6 zaidi ya 98 pale penye joto kali kuliko pote, umri wa karatasi hupungua nusu. Siku ikiungua, wengi watasema ni radi. Italetwa nyingine ya ukubwa uleule, nayo itaungua. Nimeona hilo likijirudia mtaa uleule, na hakuna aliyeliunganisha, maana kila tukio lilikuwa kwenye daftari la zamu nyingine.

Mauzo ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, tayari yako kwenye kompyuta. Ukishajua mita zote za transfoma moja, jumlisha uniti za mwezi, kisha panga transfoma zenu kuanzia iliyolemewa zaidi. Orodha hiyo haitakupa mzigo wa saa mbili usiku, watu wanapotumia umeme mwingi, lakini itakuonyesha pa kumpeleka fundi jioni akapime ampea za kila fezi. Mkifunga mita kwenye transfoma yenyewe, tofauti yake na mauzo itawaonyesha umeme unapopotelea.

Jambo la pili ni sababu za hitilafu. Huku kwetu Raskazone, Mwambani na Chongoleani upepo wa bahari unaleta chumvi kwenye vikombe vinavyotenga waya na nguzo, umande wa alfajiri ukivilowesha umeme unatambaa juu yake na fida, yaani laini kuu inayotoka kituoni, inajizima. Lushoto adui ni matawi. Sasa kama fundi anaandika "hitilafu ya laini" kila mara, ramani nzuri kiasi gani itakusaidia? Mpeni fomu kwenye simu yenye sababu chache anazoweza kuchagua akiwa amechoka na kunanyesha: chumvi, tawi, ndege, radi, kuzidiwa, nguzo kugongwa. Picha na mahali alipo simu ijichukulie yenyewe. Msimu mmoja tu ukipita mtajua laini ipi ioshwe vikombe au iwekewe vya silikoni, na ipi ifyekwe.

Namba zitengeni: mahali pawe na namba yake, na transfoma yenyewe iwe na yake. Transfoma ikihamishwa kutoka Muheza kwenda Pangani, historia yake iifuate. Wengi wanachanganya hapa. Kwenye transfoma kubwa za vituo hilo ni muhimu zaidi, kwa sababu kipimo kimoja cha gesi zilizoyeyuka kwenye mafuta ya transfoma hakisemi mengi. Gesi ya asetilini inayopanda kipimo baada ya kipimo ndiyo inayokuambia kuna cheche ndani. Na vitu hivi huishi kuliko ajira zetu. Kituo cha umeme wa maji cha Hale kilianza mwaka 1964, waliofunga mitambo yake walishastaafu zamani.

Wauzaji wa programu watawatajia ISO 55001, kiwango cha kimataifa cha kusimamia mali. Ni kiwango kizuri, kilitoka mara ya kwanza 2014, lakini hakikuamuru mnunue programu ya mtu yeyote. Kinataka mjue mali yenu, hatari zake na gharama zake kwa umri wake wote.

Chukueni fida moja, mafundi wanaoijua waitembee nguzo kwa nguzo, na walipwe posho stahiki. Halafu wekeni sharti kwamba mkandarasi wa kuunganisha wateja hasainiwi malipo mpaka namba ya mita, fezi na transfoma ziwe zimeingia kwenye mfumo. Bila sharti hilo, zoezi lote litakuwa limepitwa na wakati kabla mwaka haujaisha.