Soma jina kabla ya PIN

Mwaka jana, Ijumaa jioni, nikifunga hesabu za kibanda changu hapa Busia, upande wa Uganda, meseji iliingia: nimepata kazi ya kutunza ghala la kiwanda huko Jinja, mshahara shilingi 1,200,000. Nifike Jumatatu saa mbili. Kwanza nitume 85,000 za sare na kitambulisho. "Weka na ya kutolea."

Sikuwahi kuomba kazi Jinja. Lakini nilikuwa nimesambaza barua nyingi mno, nikajiambia labda moja ilifika huko. Hawa matapeli hawakujui. Wanatupa nyavu tu, anayehangaikia kazi anajimalizia hadithi mwenyewe.

Nikapiga. Sauti ya heshima, "ndugu" kila baada ya maneno mawili. Nikauliza kiwanda kiko barabara gani. "Usijali ndugu, gari litakupokea." Nikatuma. Kabla ya PIN simu ilinionyesha jina la mwenye laini: la mwanamke, na mimi nilikuwa nimeongea na mwanaume. Nililiona! Nikasema atakuwa mhasibu. Saa moja baadaye akataka 120,000 za daktari, ndipo nilipozinduka.

Kwa hiyo mimi sihangaiki tena kuchunguza kama meseji imeandikwa vizuri. Wengine wanaandika vizuri kuliko mimi. Naangalia pesa inatoka kwa nani. Mwajiri analipa, halipwi. Na kwa nini Ijumaa jioni? Ofisi zimefungwa, huna wa kumuuliza. Subiri Jumatatu, tafuta namba ya kampuni mwenyewe, usipige ile iliyo kwenye meseji. Kazi za Uarabuni nazo, kampuni zenye leseni zimeorodheshwa na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Angalia kama jina limo. Picha ya kitambulisho cha taifa usimtumie mtu usiyemjua, hata asipoomba senti.

Ukishatuma, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako hapo hapo, kabla hajazitoa. Mimi nilichelewa, nikaishia polisi na meseji zangu. Usizifute kwa hasira.

Juzi mdogo wangu kanipigia: kaitwa hotelini Entebbe, anadaiwa 60,000. Nikamwambia aanze kutuma, ila akifika kwenye PIN asimame anisomee jina. Kimya kidogo.

"Kaka, mbona aliniambia anaitwa jina jingine?"