Kabla hujasema gesi, fungua kalipa

Wadogo zangu mlioanza mwaka huu kusoma logi, yaani vipimo vya miamba ndani ya kisima cha mafuta au gesi, juzi mmoja wenu kaniletea kisima kizima kimepakwa rangi, njano mchanga, kijani sheli (mwamba wa udongo ulioshindiliwa), nyekundu gesi, kompyuta imemaliza yote kwa dakika 2. Nikamuuliza kalipa, ule mstari wa upana wa tundu, iko wapi? Eti hajaiweka, modeli ya kompyuta inataka densiti ya mwamba na spidi ya mawimbi ya sauti ndani yake tu. Nikanyamaza, maana nilijiona mimi mwenyewe enzi zile.

1. Densiti za madini, gramu kwa sentimita moja ya ujazo: kwatsi 2.65, kalsaiti 2.71, dolomaiti 2.87, anihidraiti 2.98. Zikae kichwani kama namba ya simu ya mama.

2. Fomula ya Gardner ya 1974, ile ya kukadiria densiti kutoka kwenye spidi, inawafaa kwenye mchanga na sheli, ila mkikuta chumvi, kama ile ya bonde la Mandawa kusini mwa Tanzania, iwekeni pembeni. Chumvi inapitisha mawimbi kwa mita kama 4,500 kwa sekunde, fomula inakupa densiti 2.54, wakati chumvi yenyewe haifiki hata 2.2.

3. Kalipa. Hapa nivumilieni. Kilikuwa kisima changu cha tatu, tundu la inchi 12¼, nikaona mita 18 hivi densiti imeshuka mpaka 2.05 na spidi imepungua, dalili za gesi hizo, moyo ukaanza kwenda mbio. Gama, yaani kipimo cha mionzi ya asili ya mwamba, ilikuwa juu, inasema sheli, nikajijibu kwamba mchanga wa Karoo, ile miamba ya kale, una madini ya feldispa mengi, potasiamu yake ndiyo inapandisha gama. Chenga za mwamba zilizopanda na tope la kuchimbia zilikuwa sheli tupu, nikasema hizo zimeporomoka kutoka juu. Yaani kila shahidi nilimtafutia kasoro! Nikaandika gesi. Watu wakashusha kifaa cha kupima presha, usiku kucha, kituo baada ya kituo, presha haipandi, mtambo umesimama na gharama inakimbia. Asubuhi mzee mmoja wa logi akatandaza karatasi mezani, hakunigombeza, akaweka tu kidole kwenye mstari wa kalipa: inchi 17. Sheli ilikuwa imemomonyoka, pedi ya densiti haigusi ukuta, inasoma tope, na tope letu lilikuwa 1.2. "Mwanangu," akasema, "umepima tope." Mstari ule ulikuwepo kwenye karatasi ileile niliyoikodolea macho siku mbili. Mpaka leo nikisaini ripoti nakiona kile kidole.

4. Gesi ya kweli inashusha spidi ya mawimbi ya P (yanayobana na kuachia mwamba), ya S (yanayoutikisa kwa upande) inabaki karibu palepale, kwa hiyo ombeni logi ya S mapema kabla kisima hakijafungwa bomba.

5. Mkifundisha modeli msichanganye sampuli za kisima kimoja kwenye mazoezi na kwenye mtihani, sampuli jirani zina jibu lilelile jamani, hapo mnajipa maksi za bure. Tengeni kisima kizima.

Yule wa juzi tumekaa naye tukafungua kalipa. Alikuwa na vipande 4 vyekundu, kwenye 3 tundu limepanuka vibaya. Cha nne tundu limenyooka kabisa, nimefurahi kuliko yeye, leo tunaitafuta S yake.