Una A ya Kiingereza lakini ulimi unakwama

Mdogo wangu, umeuliza inakuwaje upate A ya Kiingereza kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, kisha kwenye mahojiano ya kazi pale Westlands, Nairobi, ushindwe hata kujieleza. Pole sana. Alama yako ni ya haki, ila tazama ilipima nini. Karatasi ya kwanza ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za kuzungumza, lakini unazijibu kwa kalamu! Unaandika silabi gani itiwe mkazo, unaandika ungemjibuje mtu kwenye simu. Hakuna aliyewahi kukusikia. Kwenye IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, sehemu ya kuzungumza unakaa na mtahini dakika 11 hadi 14, na ukishasema huwezi kufuta.

Mimi pia nilikwama hivyo. Nilichofanya, kila jioni nikiosha vyombo nilisimulia siku yangu kwa Kiingereza, kwa sauti, simu ikirekodi. Niliposikiliza nikagundua nasita kabla ya kila kitenzi, nautafuta wakati uliopita kana kwamba kuna mtu anasahihisha. Nikaamua kukosea bila kusimama. Baada ya wiki kadhaa sentensi zilianza kutoka zenyewe.

Usiishie kwa simu, maana simu haikuulizi swali. Tafuta rafiki mmoja mkubaliane kwamba kutoka stejini hadi nyumbani ni Kiingereza tu, na akukatize kwa maswali. Usikariri majibu ya mahojiano, tafadhali. Swali likigeuzwa kidogo, yote yanapotea. Anza leo jioni.