Nilivyoandika "ni matapeli?" mara 6 ili jibu liwe hapana

Nyie mnaoanza kuandika makala za mtandaoni, hii mimi nilichelewa kuijua. Kazi yangu ya kwanza nilitumiwa vichwa vya habari 20 vinavyofanana karibu vyote, jina la kampuni halafu "ni matapeli?", nikafurahi nikijua hawa jamaa wanataka ukweli. Kumbe sharti ni kwamba jibu liwe hapana, na neno utapeli nilirudierudie humo ndani ili Google ilione.

Yaani mtu kabla hajatuma hela anaingiwa na wasiwasi, anagugo jina la kampuni na neno utapeli, sasa ukurasa wa kwanza una matokeo kama 10 hivi, wenyewe wakishaujaza kwa makala zao na video zao na zile taarifa za kulipia zinazojifanya habari, lile lalamiko la mtu aliyelizwa linasukumwa ukurasa wa 3 huko na nani anafika? Hakuna kilichofutwa. Na wengi wanaoandika hizo riviu wala hawajaajiriwa na kampuni, ni mawakala wanaokula komisheni ukijiunga kwa linki yao, kwa hiyo ukisoma "nimechunguza kwa uaminifu" shuka mpaka chini, ukikuta kitufe cha kujiunga basi umeshamjua.

Kuna wabaya zaidi, wanakopi makala iliyowaumbua, wanaibandika kwenye blogu ya uongo na kuiwekea tarehe ya nyuma, halafu wanaiandikia Google kwamba wao ndio walioibiwa, wakitumia DMCA, sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998. Google ikiwaamini, ya kweli inatoka kwenye matokeo. Ndiyo maana mi huwa naangalia chini kabisa ya matokeo, wakati mwingine kuna notisi kwamba kitu kimeondolewa na linki ya kwenda Lumen, hifadhi ya maombi ya namna hiyo, unamsoma aliyelalamika na alilalamikia ukurasa gani. (Unaweza kukesha humo.)

Jina la kampuni lisikushughulishe sana maana hubadilishwa. Chukua sentensi nzima ya matangazo yao uifunge kwenye alama za nukuu utafute, jina jipya linakuja lakini maneno wanakopi yaleyale kwa uvivu, tafuta na namba ya simu pia. Angalia domeni, yaani anwani ya tovuti yao, imesajiliwa lini, anayesema ana miaka 12 sokoni huku domeni ina miezi 4 hahitaji riviu.

Halafu kwa upande wenu waandishi, Marekani tangu Oktoba 2024 kuna kanuni ya FTC, tume ya biashara ya huko, inayokataza kuuza na kununua riviu feki, kwa hiyo mteja akikwambia "andika kama vile umeitumia" jua anachokuomba.

Mimi niliandika 6 ndo nikaacha. Bado zipo hewani bila jina langu, juzi nimetafuta nikakuta moja iko namba 2.