Kwa unayeanza kuchora ndege na maua kwa rangi za maji, ukitaka kuuza

Mnunuzi wa picha za ndege si sawa na mnunuzi wa picha za machweo. Wa machweo anatafuta rangi za kupendezesha sebule. Anayesimama mbele ya picha ya kwezi, mara nyingi anamjua kwezi: amewahi kumwona akiokota makombo chini ya meza ya hoteli Naivasha, au anaweka orodha ya kila ndege aliyemwona maishani. Huyo ataangalia jicho kwanza.

Kwezi maridadi ana jicho la rangi ya maziwa, na mstari mweupe unaokata kifua kati ya buluu ya juu na tumbo la rangi ya kutu. Yuko ndugu yake, kwezi wa Hildebrandt, ambaye kwa mbali utadhani ni yuleyule, lakini jicho lake ni jekundu na mstari ule hana. Ukichukua jicho la mmoja ukamwekea mwingine, umechora ndege asiyekuwepo duniani. Mteja hatagombana nawe. Atatabasamu, atasema "kazi nzuri", aende meza ya jirani. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: jifunze ndege kabla ya kujifunza soko.

Kwa walio Nairobi, shirika la Nature Kenya lina matembezi ya kutazama ndege Jumatano asubuhi, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Nenda na daftari na penseli, rangi ziache nyumbani. Angalia ndege anavyosimama, uzito wake uko wapi, shingo inavyozama akipumzika. Makumbusho hayo pia yanahifadhi michoro ya Joy Adamson. Wengi wanamjua kwa simba Elsa aliyemlea, lakini mimi namheshimu kwa maua: alichora mimea ya Kenya kwa subira ya ajabu, na mwaka 1947 chama cha bustani cha Royal Horticultural Society cha London kilimpa nishani ya dhahabu ya Grenfell. Ua lake unaweza kulitambua kwa jani tu.

Kwenye maua, anza na bogenvilia, kwa kuwa iko kila uzio na kila lango. Wengi huchora "petali" tatu za rangi ya waridi wakaishia hapo. Zile tatu ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kimrija chembamba katikati, chenye kinywa cheupe kidogo. Mwenye bustani akikiona hicho kwenye picha yako, uso wake unabadilika palepale. Na hiyo waridi kali usiitafute kwenye rangi inayoitwa opera, wala kwenye alizarin crimson ya zamani yenye alama PR83 (namba ya rangi inayoandikwa kwenye tyubu). Zote hufifia kwenye mwanga. Tafuta tyubu yenye alama PV19. Kama una shaka na rangi yoyote, paka ukanda wake kwenye karatasi, funika nusu, ubandike dirishani miezi michache. Mtu amekupa pesa yake; picha isimfie ukutani.

Wanaoanza hununua brashi ghali na karatasi ya bei rahisi. Fanya kinyume. Karatasi ya pamba tupu, gramu 300 kwa mita ya mraba, inavumilia maji bila kujikunja ovyo. Shiti nzima ya sentimita 56 kwa 76 ukiikata sehemu nane sawa unapata vipande vya 28 kwa 19, saizi inayoingia kwenye begi la mgeni anayerudi kwao.

Turudi kwa kwezi, kwa sababu ndiye mwalimu mzuri. Weupe katika rangi za maji ni karatasi yenyewe, kwa hiyo ule mstari wa kifuani unaachwa wazi tangu mwanzo. Paka tumbo kwanza, usubiri likauke kabisa. Kutu na buluu zikikutana mbichi zinageuka tope. Kisha lowesha mgongo kwa maji safi, weka buluu ya ultramarini upande wa kivuli na feruzi upande wa mwanga, uziache zikutane zenyewe. Pale jua linapopiga acha kipande kidogo bila rangi. Mng'ao wote unatoka hapo. Usirudierudie brashi. Ukichorea Mombasa au Lamu, subira iwe mara mbili, maana unyevu wa pwani huchelewesha kukauka, na karatasi iliyofungiwa kabatini huota ukungu.

Sasa kuuza. Maonyesho kama Affordable Art Show ya Kenya Museum Society huleta mtu aliyetoka nyumbani kuja kununua picha. Huko peleka kazi chache, kubwa, zenye fremu safi. Maasai Market huleta mpita njia, na yeye anataka kadi na vipande vidogo vilivyofunikwa plastiki, visivyo na kioo cha kuvunjika njiani. Beba vibanio vya nguo kwa ajili ya upepo, na turubai msimu wa mvua. Picha halisi zisikae juani mchana kutwa.

Bei iandike. Hesabu karatasi, fremu, ada ya meza, nauli na saa zako, ndipo useme. Akiomba upunguze, muongezee kadi, lakini bei ya picha halisi isiyumbe, kwa sababu aliyenunua asubuhi anaweza kupita tena jioni. Nakala iliyochapishwa itaje kuwa nakala. Na usichore kutoka picha ya mtandaoni ya mtu mwingine bila ruhusa. Wapiga picha za ndege nao hutembelea maonyesho.

Oda zikianza kuja, chukua nusu ya malipo kabla, na muulize mteja alimwona ndege wapi na mwezi gani. Fumbwe dume, kwa mfano, hupoteza ule mkia wake mrefu msimu wa kuzaliana ukiisha, akabaki kijindege cha kahawia chenye michirizi. Kabla hujakata karatasi, uliza kama huyo aliyemwona alikuwa na mkia.