Maswali na Majibu ya Karakana: Bampa la Nyuma na Kilo Zake

Mwezi huu maswali karibu yote ni ya mabampa ya nyuma. Sababu naijua: masika yanabisha hodi, njia za maweni zitajaa madimbwi, na kila mwenye gari ya juu amekumbuka kwamba bampa lake la plastiki lilipasuka tangu mwaka jana. Nimeyachambua, nimeyaacha yaliyojirudia, ila la kwanza nimelibakiza makusudi.

Bampa la nyuma la chuma ni bei gani? (Wengi sana, wote bila jina la gari)

La gari gani? La kuteremshia boti au la kuegeshea mbele ya hoteli? Mtu haendi kwa fundi cherehani akauliza "nguo bei gani" kisha akakata simu. Niambie gari, mwaka wake, unabeba nini na unapita wapi, ndipo tuzungumze. Na picha ya nyuma ya gari ipige mchana, si usiku kwa taa ya simu.

Nina Prado, nakaa Kiembe Samaki na kila mwisho wa wiki naenda Michamvi. Nataka bampa lote liwe la milimita 6. Fundi wangu anataka kutumia milimita 3, mimi naona hilo ni bati tu.

Hili ndilo gomvi langu na nusu ya wateja wangu, kwa hiyo kaa kitako.

Shiti ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 3 ina kilo 70. Ya milimita 6 ina kilo 140. Hesabu yake haina siri: mita moja ya mraba ya chuma, kwa kila milimita ya unene, ni kilo 7.85. Tuseme bampa lako na mabawa yake ya pembeni linakula mita moja na nusu ya mraba. Kwa milimita 3 hapo una kilo 35, kwa milimita 6 una 71. Ongeza vishikio, boliti na ndoano, hilo unalolitaka wewe linafika kilo 90 kabla hujatundika dumu la mafuta.

Sasa kilo 90 hizo hazikai juu ya ekseli, zinaning'inia nyuma yake, na chuma kinachoning'inia ni mzani. Prado kati ya ekseli na ekseli ina kama mita 2.7. Bampa likiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli, magurudumu ya nyuma yanaongezewa kilo 130, si 90, na ya mbele yanapunguziwa 40. Umelipia kilo 90 na gari imebeba 130 nyuma. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi kama wa mchezo wa watoto, taa zinamulika minazi, na anayekuja mbele yako njia ya Jozani anakutukana usiku ukidhani ana haraka zake. Halafu unakuja kuniambia springi za siku hizi mbovu.

Tazama bati la paa. Ni jembamba kiasi cha kukunjwa kwa mkono, lakini likishapigwa migongo mtu anatembea juu yake. Nguvu inatoka kwenye mikunjo. Shiti ya milimita 3 iliyokunjwa vizuri, ikafungwa kama sanduku na kuwekewa mbavu ndani, inavumilia jiwe kuliko ubao wa milimita 6 uliosimamishwa wima tu. Milimita 6, hata 8, ziweke pale penye kazi: vishikio vya kwenye chesesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, na mahali pa kuvutia.

Chesesi nimeitaja kwa sababu. Niliwahi kuletewa Land Cruiser yenye bampa nene kama mlango wa ngome. Lilivutwa ufukweni likatoka zima, zuri, halina hata mkwaruzo, na boliti zake mbili zikining'inia. Aliyelifunga alilishika kwenye bati la bodi. Chuma kilo mia, kimeshikwa na karatasi. Muulize fundi wako kishikio kinaingia wapi, kina boliti ngapi na kichwani zimeandikwa nini. Zikiwa zimeandikwa 8.8, yaani daraja la nguvu ya boliti, sawa. Zikiwa hazina maandishi, mrudishie.

Kwa ufupi fundi wako yuko sahihi. Mlipe.

Nimeweka mpira wa chuma wa kuvutia trela kwenye bampa. Naweza kuutumia kunasulia gari za wenzangu mchangani?

Hapana. Na narudia kwa wale wanaosoma harakaharaka: hapana.

Mpira ule umetengenezwa kubeba trela inayokwenda polepole pamoja na gari. Haukutengenezwa kupokea mshtuko wa mkanda uliokazwa kwa mbio. Ukikatika shingo unaruka kama jiwe la teo, na mkanda unaupeleka moja kwa moja kwenye kioo cha dereva. Watu wamekufa hivyo katika nchi zenye jangwa na vifaa vizuri kuliko vyetu.

Pa kuvutia pawe na sikio la chuma kinene lililopita ndani ya bampa na kuchomelewa pande zote mbili, mbele na nyuma ya uso wa bampa, kisha nguvu yake iende kwenye kishikio cha chesesi. Sikio lililobandikwa juu ya uso tu ni pambo. Wanaotazama wakae mbali, tena pembeni, si kwenye msitari wa mkanda. Vijana wa ufukweni wanapenda kusimama pale pale kupiga video.

Na nikuulize, mnanasa vipi kila wiki? Maji yakitoka kuna kama saa sita hadi yajae, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yanakuja mbali na yanakuja kwa nguvu. Bampa halitakuokoa na kutotazama mwezi.

Mimi ni fundi chipukizi, Wete. Nimetengeneza bampa la Suzuki, vifaa nimenunua laki tano, nimeuza laki nane na nusu. Kazi imechukua siku nne. Faida laki tatu na nusu, lakini mfukoni sina kitu. Nimekosea wapi?

Mwanangu, hukupata faida, ulipata khasara ya elfu hamsini na ukafurahi. Tuhesabu pamoja.

Siku nne za saa nane ni saa 32. Ukijiwekea elfu kumi kwa saa (na kama hujiwekei, nani atakuwekea?) hiyo ni 320,000. Weka umeme, mafuta ya jenereta, kodi ya banda na usafiri, tuseme 80,000. Ukijumlisha na vifaa, bampa limekugharimu 900,000. Wewe umeliuza 850,000. Ulimlipa mteja achukue bampa lako.

Na laki tano yako nina wasiwasi nayo. Umehesabu diski za grenda? Rodi za kuchomelea? Praima, tina, msasa, boliti mpya? Nauli ya shiti kutoka Dar es Salaam mpaka bandari ya Mkoani, halafu gari mpaka Wete? Mafundi wengi wa Pemba wanahesabu bei ya chuma kama kwamba chuma kinaota Konde. Tena shiti unainunua nzima, unatumia sehemu yake. Mabaki yanakaa pembeni yanashika kutu, na mteja hajayalipia. Mlipishe chuma ulichonunua kwa ajili yake, si kile kilichobaki kwenye gari.

Halafu kuna kosa la pili ambalo hata wakubwa wanalifanya. Unasema "nataka faida asilimia 20", unachukua 900,000 unaongeza 180,000, unauza 1,080,000. Hiyo si asilimia 20 ya pesa iliyoingia, ni kama 17. Ukitaka 20 kamili, gawa gharama kwa 0.8: ni 1,125,000. Tofauti ya elfu 45 inaonekana ndogo mpaka ufanye mabampa kumi.

Muda wa kubuni nao una bei. Kukata maboksi ya kupimia umbo, kuyabandika kwenye gari, kutafuta bomba la moshi linapita wapi, kuondoka na kurudi: bampa la kwanza la gari mpya linakula muda mara mbili ya la pili. Gari ikiwa ya kawaida Pemba, gawanya muda huo kwa mabampa matatu ya mwanzo. Ikiwa ya ajabu, iliyoko moja kisiwani, mwenyewe aubebe wote. Na zile kadibodi usizitupe. Ziandike gari, mwaka na upande, zitundike ukutani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kadibodi zako ndizo daftari.

Chukua malipo ya mwanzo yanayotosha vifaa vyote kabla hujakata kitu. Si nusu ya bei kwa mazoea, ni gharama ya vifaa. Mteja akitoweka, ukabaki na bampa la gari isiyo yako, angalau chuma si deni. Na bei usiitaje barabarani huku mtu kakuzuia kwa honi. Mwambie kesho. Tuliokuwepo Unguja ilipokosa umeme kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010 tulijifunza kwa machungu maana ya kutaja bei bila kuuliza jenereta itakunywa nini.

Jambo moja hukuniuliza. Ukichomelea chochote juu ya gari, toa waya za betri kwanza, na ujue tangi liko wapi. Kwenye gari nyingi liko hapo hapo nyuma unapochezea cheche. Bampa lichomelee chini, juu ya gari shika nukta tu za kupimia, na hata hizo kwa adabu.

Kwa nini tusitumie chuma cha pua tukaachana na kutu?

Kwa sababu ni ghali, kinataka mkono mwengine wa kuchomelea, na karibu na bahari nacho kinatoka madoa ya rangi ya chai. Ukikikata kwa diski iliyokatia chuma cha kawaida unakipandikiza kutu mwenyewe.

Chuma cha kawaida kinaishi miaka mingi hapa kikitendewa haki. Toa lile ganda jeusi la kiwandani. Osha kwa maji baridi yasiyo chumvi kabla ya rangi, maana chuma kilicholala nje usiku mmoja Nungwi kina chumvi hata kama huioni. Kausha, praima ya zinki, kisha rangi. Toboa matundu ya kutolea maji sehemu za chini kabisa, milimita 10 kila moja. Bampa lisilo matundu ni ndoo ya maji ya bahari. Na rangi ya unga inayong'aa, nzuri kwa macho, ila ikibanduka mahali padogo kutu inatembea chini yake kimyakimya. Mimi wateja wa pwani nawapa rangi ya brashi wanayoweza kuipaka tena wenyewe.

Mafundi: paipu yenye zinki saga zinki pembeni ya mahali pa kuchomelea, na fanya kazi penye upepo. Moshi wake mweupe unaleta homa na kutetemeka jioni. Maziwa hayatibu, waliokwambia wamekudanganya.

Nimeona picha ya bampa la gari ya Australia. Unaweza kunifanyia hilo hilo?

Naweza. Gari ya kwenye picha unayo?

Mkono wa kubebea spea kwenye bampa langu unagonga kila tuta, mpaka wageni wananiuliza. Fundi kaongeza mpira, kukatulia wiki moja. (Mwenye nyumba ya wageni, Paje)

Bibie, mpira ni panadoli. Tairi na ringi yake ni kilo 25 hadi 30, na zinakaa mwisho wa mkono mrefu, kwa hiyo kila tuta ni kipigo kwenye bawaba. Nina hakika umefungiwa bawaba za mlango wa geti. Mkono wa spea unataka ekseli yake fupi yenye beringi, au bushi ya shaba, na mahali pa kuingizia grisi. Juu ya hapo, upande wa kufungia, mkono ukwee juu ya kabari na kukaa, si kuning'inia kwenye komeo peke yake. Komeo linashika, kabari ndiyo inabeba.

Njia ya kupima ni rahisi: fungua mkono, ushike mwisho, unyanyue juu chini. Ukicheza, tatizo ni bawaba. Usipocheza ila ukifungwa unagonga, tatizo ni kabari. Gharama yake ni ndogo kuliko mlango wa nyuma, ambao ndio utakaopasuka baadaye.

Trafiki atanisumbua?

Ukificha taa au kibao cha namba, na haki yake. Kibao kiwe na taa yake ya usiku. Bampa lisitokeze nje ya upana wa gari, na kona zizungushwe. Gari hizi zinapita Mji Mkongwe kwenye vichochoro vyenye watoto na vespa, na kona kali ya chuma iko usawa wa goti la mtu mzima na usawa wa uso wa mtoto. Bampa lenye kona za kisu silitengenezi, hata kwa bei mara mbili.

Nikileta gari Alkhamisi nitaipata Ijumaa?

Ijumaa hapana, wala Jumamosi. Lete na spea utakayoitumia kweli, si ya kuazima, na mizigo unayoibeba kila siku iwe ndani, nipime gari ikiwa imekaa inavyokaa. Na tafadhali ioshwe chini kabla. Mchanga wa wiki iliyopita ulinidondokea machoni.